Prae- ni "kabla" au ni "sana"? Jibu kwa mwanafunzi wa Kilatini

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko nyumba ya malezi, mwaka wa kwanza wa Kilatini. Tulipoanza tuliandikiwa ubaoni kwamba prae- maana yake ni 'kabla', na kweli nilikwenda nayo vizuri kwenye praecursor (mtangulizi), praescire (kujua kabla) na praedestinare (kukusudia kabla). Sasa nimefika kwenye Kanuni ya Kirumi, ile sala kuu ya Misa, nikakuta 'hunc praeclarum calicem', nikatafsiri 'kikombe hiki kilichong'aa kabla'. Darasa zima likacheka. Mwenzangu akasema hapo prae- ni 'sana'. Nikaichukua hiyo, nikaijaribu kwa praeesse nikapata 'kuwapo sana', kwa praebere nikapata 'kuwa na kitu sana'. Haina kichwa wala miguu. Halafu kuna praedico: mara 'nahubiri', mara 'natangulia kusema', na imeandikwa vilevile. Je, kuna prae- ngapi? Nitajuaje hapa ni ipi bila kukariri kamusi nzima? Mtihani ni mwisho wa muhula."

Marahaba, ndugu yangu. Waliocheka wasikuvunje moyo. Ulipewa kanuni, ukaitumia kwa uaminifu, na kanuni yenyewe ndiyo iliyokuangusha. "Kabla" ni maana mojawapo ya prae-, tena wala si ya kwanza. "Sana" nayo ni vivyo hivyo. Ukizibeba hizo mbili mfukoni na kujaribu moja baada ya nyingine kwenye kila neno, utabahatisha mpaka unapewa upadre. Prae- ni moja tu, na maana yake ya shina ni ya mahali: mbele. Wakati, cheo na wingi vimechipuka kutoka hapo.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna nafuu katika jambo hili, kwa sababu vitenzi vyetu viwili, tangulia na pita, vimekwenda njia hiyohiyo. "Gari lao limetangulia" yaweza kuwa liko mbele yetu barabarani, au liliondoka mapema kuliko letu. "Waliotutangulia" ni watu wa zamani, ingawa hakuna barabara inayotajwa. Sasa chukua pita. "Amewapita wenzake" kwanza ni habari ya miguu. Halafu tunasema "amewapita kwa akili", "mrefu kupita wote", na mwisho "amekula kupita kiasi". Hapo mahali pamekwisha kabisa, imebaki kuzidi. Hakuna Mswahili anayejiuliza kuna pita ngapi. Prae- imefanya safari hiyohiyo: mbele kwa mahali, mbele kwa wakati, mbele kwa cheo, mbele ya wengine kwa sifa, na mwisho mbele ya kipimo chenyewe. Kwa hiyo ukikutana na neno jipya, usianze na "kabla" wala "sana". Anza na "mbele", kisha tazama imefungwa kwenye mzizi wa aina gani. Mzizi ndio utakaokuambia.

Turudi kwenye kikombe chako. Clarus ni kivumishi: -angavu, -a kusikika wazi, -enye kujulikana. Ni sifa, na sifa haina "mbele" ya mahali wala ya saa. Kitu kinachowezekana ni kuwa mbele ya vingine katika sifa hiyo. Praeclarus basi ni kile kinachong'aa kuvipita vingine. Hadi wakati wa Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma wa karne ya kwanza KK, neno hili lilikuwa limeshazoeleka mno, hata ile "kuvipita" ikafifia, likabaki na maana ya bora, tukufu, mashuhuri. Ndiyo sababu "kikombe king'aacho sana" ingawa si kosa la sarufi, ni tafsiri dhaifu. "Kikombe hiki kitukufu" iko karibu zaidi na jinsi neno linavyosikika. Tena maneno ya Kanuni yanaitikia Zaburi ya 22 ya Vulgata, Biblia ya Kilatini (ya 23 kwa hesabu ya Kiebrania), aya ya 5: "et calix meus inebrians, quam praeclarus est!" Ukiijua zaburi hiyo, huwezi kuikosea tena Kanuni. Na ukitaka kuona ule ulinganisho wa asili ukiwa bado wazi, tazama Stabat Mater, wimbo wa Mama wa Mateso: "Virgo virginum praeclara". Ile virginum, "miongoni mwa mabikira", inaonyesha ni nani anaowapita.

Sheria ya kwanza basi, ambayo itakubeba mahali pengi: prae- mbele ya kivumishi cha sifa au cha kipimo ni "mno, kupita wengine". Praealtus ni mrefu mno kwenda juu au wenye kina kirefu mno, kwa kuwa altus hupimwa pande zote mbili: mwamba na mto huweza kuwa praealtus. Praelongus ni mrefu mno kwa ulalo. Praedives ni tajiri wa kupindukia, praepotens mwenye nguvu nyingi za utawala, praevalidus mwenye nguvu nyingi za mwili, praedurus mgumu mno, praegelidus baridi kali, praedulcis mtamu mno. Vingi vya namna hii utavikuta kwa washairi na kwa waandishi wa kuanzia enzi ya Augusto kushuka chini, kama Livius, Plinius na Tacitus. Cicero mwenyewe, alipotaka kusema "sana" kwa kiambishi, mara nyingi zaidi alitumia per-: permagnus, perfacilis, pergratus. Tofauti ya hizo mbili ni ya picha. Per- ni kupenya toka mwanzo hadi mwisho, jambo limekolea kotekote; prae- ni kuwa mbele ya wengine. Katika kutafsiri zote zitaishia kwenye "sana" au "mno", lakini ukiandika insha ya Kilatini usizibadilishane ovyo. Praeclarus ni neno la kila siku, "praefacilis" usijitungie.

Hapo pana jambo dogo ambalo walimu hulisahau. Kwa kuwa mbele ya wengine kunaweza kuwa mbele ya kipimo, baadhi ya vivumishi hivi hubeba lawama. Praegravis ni zito kupita linavyobebeka, praefidens ni mwenye kujiamini kupita kiasi, praeproperus ni mwenye haraka isiyo na busara. Soma sentensi nzima kabla ya kuchagua kati ya "sana" na "kupita kiasi".

Je, kivumishi kikiwa na wakati ndani yake? Hapa ndipo sheria ya kwanza inapolegea, na inalegea kwa sababu inayoeleweka. Maturus ni -bivu, na kuiva kuna saa yake. Kwa hiyo praematurus si "bivu sana" bali "kabla ya wakati wake". Praecox, iliyotokana na coquere, kupika au kuivisha, ni tunda lililowahi kuiva. Wataalamu wa mimea walilichukua neno hilo kwa mimea inayowahi kuchanua: Chimonanthus praecox huchanua wakati wa baridi, kabla majani hayajatoka.

Mfano mzuri kuliko yote unatoka kwa Horatius, mshairi wa Roma. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza cha Barua zake (1.20, mstari wa 24) anajieleza kwa msomaji: "corporis exigui, praecanum, solibus aptum", mtu wa umbo dogo, praecanus, mpenda jua. Canus ni mwenye mvi. Je, ana mvi nyingi sana, au mvi zimemwahi? Wafafanuzi wamesoma kote kuwili. Mistari michache mbele anataja umri wake: ametimiza "quater undenos", mara nne kumi na moja, Desemba 44, katika mwaka ambao kwetu ni 21 KK. Mimi nasimama na wanaosema mvi zilimwahi. Mvi, kama kuiva, ni jambo lenye majira yake, na mtu wa miaka 44 anaweza kulisema bila kueleza zaidi. Sasa mweke kando yake Kaisari Galba, ambaye Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari (Galba, 21), anamwita "capite praecalvo". Calvus ni mwenye upara. Galba alipouawa mwaka 69 BK alikuwa amepita miaka 70, kwa hiyo upara wa "kabla ya wakati" hauna mantiki. Ni upara mtupu, au upara wa mbele ya kichwa. Kiambishi ni kilekile na vivumishi vyote ni vya kichwa na nywele, lakini umri wa mwenye kichwa unabadili tafsiri. Kamusi itakupa maana zinazowezekana. Habari za mtu ndizo zitakazochagua.

Tuingie kwenye vitenzi, ambako wewe uliumia zaidi. Huku "sana" iweke kando kabisa. Kitenzi chenye prae- karibu kila mara kinauliza mbele ya nani, au mbele ya jambo gani. Nakupa njia ninayoiona inafaa, ingawa si sheria ya chuma. Ukiona mzizi ni wa mwili, yaani kuwa, kukaa, kusimama, kuweka, kushika, fikiria mahali na cheo. Ukiona ni wa akili au kinywa, yaani kujua, kuona, kusema, kuonya, kukusudia, fikiria wakati. Praescire na praedestinare zako ziko kundi la pili, ndiyo maana "kabla" ilifanya kazi na ikakudanganya kwamba itafanya kazi popote. Warumi 8:29 inazo zote mbili: "nam quos praescivit, et praedestinavit".

Kundi la kwanza ndilo la praeesse. Ni kuwa mbele ya watu, yaani kuwaongoza, kuwa juu yao. Vitenzi vya kundi hili hutaka dativu, umbo la nomino la anayepewa au anayehusika na tendo, na dativu hiyo ni taa yako: ukiona kitenzi cha prae- na nomino ya dativu kando yake, karibu hakika ni habari ya cheo au ya kutanguliza kitu mbele ya kingine. Mwanzo 1:16 katika Vulgata: mwanga mkubwa uliumbwa "ut praeesset diei", utawale mchana, na mdogo "ut praeesset nocti". Diei na nocti ni dativu. Aya ya 26 nayo: "et praesit piscibus maris", akatawale samaki wa bahari. Praesidere ni kukaa mbele, na aliyekaa mbele ni praeses, mwenyekiti. Praeficere ni kumfanya mtu awe mbele ya kazi fulani, na aliyewekwa hivyo ni praefectus. Ndugu zetu wa Kongo wanaomwita mkuu wa shule ya sekondari prefe wanalitumia neno hilo, limewafikia kupitia Kifaransa. Praeponere ni kuweka mbele: praepositus ni aliyewekwa juu ya wenzake, na katika sarufi praepositio ni neno linalowekwa mbele ya nomino.

Praebere uliyoitaja imejificha, na hilo linahitaji maelezo kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Ni prae pamoja na habere: kushika kitu mbele ya mtu, yaani kumtolea, kumpa. Mathayo 5:39: "praebe illi et alteram", mgeuzie na la pili, kwa maana mtolee na shavu jingine. Umbo limejikunja kwa sababu Kilatini cha zamani kilikuwa na tabia ya kudhoofisha irabu ya mzizi pale kiambishi kilipobandikwa mbele yake. Irabu fupi a katika silabi iliyo wazi hugeuka i, na katika silabi iliyofungwa kwa konsonanti hugeuka e. Capio inakuwa praecipio, lakini praeceptum. Facio inakuwa praeficio, lakini praefectus. Caput, kichwa, inazaa praeceps, aendaye kichwa mbele, yaani anayeanguka kichwangomba au anayekurupuka. Hali nyingine za neno hilo ni praecipitis, praecipiti. Nayo e fupi ya sedeo inakuwa i katika praesideo, wakati ae ya caedo, kukata, inakuwa i ndefu katika praecido. Kwa hiyo ukitafuta mzizi, jaribu kuirudisha irabu: ukiona -cip- fikiria cap-, ukiona -fic- fikiria fac-. Zoezi hili dogo litakuokoa kuliko orodha yoyote, maana linafanya kazi pia kwa re-, de-, in- na con-.

Vitenzi vya mwendo vinasimama katikati, kwa kuwa anayekwenda mbele ndiye anayefika kwanza. "Praecedit vos in Galilaeam" (Mathayo 28:7) ni awatangulia, na Kiswahili hakikulazimishi uchague kama ni mahali au wakati. Usijilazimishe. Vivyo hivyo sala "Actiones nostras", inayoomba "aspirando praeveni et adiuvando prosequere": uyatangulie matendo yetu kwa kuyavuvia, uyafuatilie kwa kuyasaidia. Pale "tangulia" ya Kiswahili inabeba mzigo wote.

Sasa praedico. Hapa hakuna prae- mbili, kuna vitenzi viwili vya kusema. Kimoja ni praedicare, mnyambuliko wa kwanza (kundi la vitenzi vya -are), kutoka dicare: kutangaza mbele ya watu, kuhubiri. Kingine ni praedicere, mnyambuliko wa tatu (kundi la -ere), kutoka dicere: kusema kabla, kutabiri, kuonya mapema. Cha kwanza ni mbele ya watu, cha pili ni mbele ya tukio. Ukivikuta katika wakati uliotimilifu hakuna utata: praedicavi nimehubiri, praedixi nimetangulia kusema. "Ecce praedixi vobis" (Mathayo 24:25) haiwezi kuwa kuhubiri. Katika wakati uliopo kuna fomu zinazojitenga zenyewe: praedicis, praedicit, praedicimus, praedicunt ni za mnyambuliko wa tatu peke yake. Lakini praedico ni ya vyote viwili. Tena jihadhari na praedicat, praedicamus na praedicant: ni "anahubiri, tunahubiri, wanahubiri" kwa kitenzi cha kwanza, na zinaweza kuwa subjunktivu (umbo la kutaka au kudhani) ya kitenzi cha pili. Praedicet nayo ni subjunktivu ya cha kwanza au wakati ujao wa cha pili.

Kinachovitenga ni urefu wa irabu i. Katika praedicare ni fupi, katika praedicere ni ndefu, na urefu huo huamua mkazo. Silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa ndefu, mkazo hukaa hapo. Ikiwa fupi, mkazo hurudi nyuma kwenye ya tatu. Kwa hiyo "nahubiri" hutamkwa PRAEdico, na "natangulia kusema" hutamkwa praeDIco. Hapa ulimi wetu una mtego wake: Kiswahili hukaza karibu kila mara silabi ya pili kutoka mwisho, basi sisi tukisoma bila kuangalia tunasema praeDIco kila mahali, na kila mhubiri anageuka mtabiri. Vitabu vingi vya liturujia vya Kilatini huchapa alama ya mkazo juu ya irabu kwenye maneno ya silabi tatu na zaidi. Alama hiyo si pambo. Ukiona iko juu ya i, praedíco, kitenzi ni cha mnyambuliko wa tatu.

Jipime kwa 2 Wakorintho 13:2: "Praedixi, et praedico, ut praesens, et nunc absens". Kuna maneno matatu ya prae- katika mstari mmoja. Praedixi imekwisha kufunga mlango: kitenzi ni praedicere, na praedico iliyofuatana nayo ni ya kitenzi hichohicho. Paulo anasema alikwisha kuwaonya na sasa anawaonya tena kabla hajafika. Praesens ni "nilipokuwapo": umbo lake latokana na prae na kuwa, yaani aliye mbele ya macho, na kinyume chake kimekaa palepale, absens, asiyekuwapo. Linganisha na 1 Wakorintho 1:23, "nos autem praedicamus Christum crucifixum", ambako hakuna cha kutabiri, ni kuhubiri. Praedicamus ya hapo husomwa praediCAmus.

Praestare nitaipitia haraka, ingawa utaiimba mara nyingi. Ni kusimama mbele, kwa hiyo kuwapita wengine, na pia kutoa, kutimiza. Katika sala za Kanisa ni "utujalie": "Praesta, quaesumus, omnipotens Deus". Katika Tantum ergo, "praestet fides supplementum sensuum defectui", imani na itoe kile ambacho hisi zetu zinakikosa. Katika Dies irae, "inter oves locum praesta", unipe nafasi kati ya kondoo. Ukiikuta praestat pamoja na kitenzi kisicho na nafsi, maana yake ni "ni afadhali".

Kuna kundi moja ambalo halimo katika "kabla" wala "sana", na watu waliojifunza sheria mbili tu huanguka nalo daima. Ni maneno ya kukata, kuchoma, kuchonga na kuuma. Humo prae- ni "kwenye ncha", yaani sehemu ya mbele ya kitu. Caesar (Vita vya Galia 5.40) anasimulia jinsi kambi iliyozingirwa ilivyotengeneza "multae praeustae sudes". Hizo si nguzo zilizochomwa sana wala zilizochomwa kabla. Ni miti iliyounguzwa nchani ili ncha iwe ngumu. Kwenye daraja alilojenga juu ya mto Rhine mwaka 55 KK (4.17), magogo yenye unene wa futi moja na nusu yalikuwa "paulum ab imo praeacuta", yamechongwa ncha kidogo upande wa chini ili yazame kwenye kitako cha mto. Ukitafsiri "makali sana", neno paulum, "kidogo", litakukatalia palepale. Praecidere ni kukata ncha ya kitu, na praeruptus ni mahali palipovunjika kwa mbele, yaani genge. Wataalamu wa mimea wana Crepis praemorsa, mmea ambao shina lake la ardhini linaonekana kama limeng'atwa mwishoni.

Maneno yanayofanana na prae- lakini si yake ni machache, nayo yakariri tu. Presbyter ni la Kigiriki, halina prae- ndani yake. Precor, naomba, pretium, bei, na premo, nabana, zina pre- yao isiyohusiana. Praeterire na praeterea zimejengwa juu ya praeter, "kando ya, kupita", ambayo ingawa ni mtoto wa prae ina maisha yake, usiikate prae-terire. Shida huongezeka ukisoma maandiko ya Zama za Kati, kwa kuwa waandishi wake waliandika e mahali pa ae, nao hukuletea predicare na presul (yaani praesul, askofu). Ukikutana na pre- ya namna hiyo, jaribu kwanza kurudisha a, kisha angalia kamusi.

Upande mwingine, mengine yana prae- ya kweli usiyoitarajia. Hori alimolazwa Mtoto, "reclinavit eum in praesepio" (Luka 2:7), limetoka kwenye saepire, kuzungushia ua: mahali palipozibwa kwa mbele. Praemium, tuzo, ni prae na emere katika maana yake ya zamani ya kuchukua: kile unachochukua kabla wengine hawajagawana. Praerogativa ilikuwa sifa ya kundi la wapiga kura wa Roma lililoteuliwa kwa kura ya bahati liulizwe kwanza. Watu waliliona chaguo lao kama ishara, na wengi walilifuata. Kutoka hapo neno likaja kuwa haki ya pekee.

Mwisho kuna prae inayosimama peke yake, pamoja na ablativu, umbo jingine la nomino. Kiambishi na kihusishi ni neno moja, lakini kihusishi kimebaki na kazi chache. Huweza kulinganisha: "prae omnibus mulieribus super terram" (Yudithi 13:23), kuliko wanawake wote duniani. Na huweza kutaja jambo linalozuia: katika Matendo 12:14 yule kijakazi Roda alipoitambua sauti ya Petro, "prae gaudio non aperuit ianuam", kwa furaha hakufungua mlango, akakimbia ndani kutangaza kwamba Petro amesimama "ante ianuam". Aya moja ina prae na ante. Kwa "mbele ya mlango" yenyewe, mwandishi ametumia ante na akuzativu, umbo la nomino ya mtendwa. Waandishi wa kale walipenda kuitumia hii prae ya sababu kwenye sentensi za kukana, kama hiyo ya Roda. Vulgata haifungwi hivyo, ndiyo maana wanafunzi wamelala "prae tristitia" katika Luka 22:45, kwa huzuni, bila neno la kukana.

Kwa mtihani wako, usikariri orodha. Chukua kurasa chache za Misale na sura mbili tatu za Vulgata, piga mstari chini ya kila prae-, na kando yake andika vitu vitatu: mzizi ulivyokuwa kabla ya irabu kubadilika, ni kitenzi au kivumishi, na kama kuna dativu karibu. Baada ya maneno thelathini hivi utaona unakisia vizuri. Kisha hakikisha katika kamusi yenye alama za urefu wa irabu. Ya Lewis na Short ya mwaka 1879 inapatikana bure kwenye intaneti na ina maneno mengi ya Kikristo. Ile kubwa ya Oxford ni bora kwa waandishi wa kale, lakini inaishia karibu mwaka 200 BK, kwa hiyo Kilatini cha Kanisa hukikuti humo. Utakapotafuta praedico utaona vichwa viwili, kimoja chenye tarakimu 1 na kingine 3. Hiyo ndiyo namba ya mnyambuliko.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi hayatoshi. Mkazo na urefu wa irabu hujifunzwa kwa sikio, kwa hiyo mwombe mwalimu wako au padre anayesoma Kilatini vizuri akusikilize ukisoma kwa sauti zaburi moja nzima, na akusimamishe palepale unapokosea. Na kama tafsiri zako zitatoka darasani kwenda kuimbwa au kusomwa katika ibada, zipeleke kwa mlezi wako wa liturujia kabla hujampa mtu yeyote nakala: maneno ya Misa kwa Kiswahili yana matini yake rasmi, yaliyopitishwa na maaskofu, na huko hata tafsiri sahihi kuliko iliyopo haiingizwi na mtu mmoja.